Paka wa Mtaani Anapotokwa Udenda: Kabla ya Kununua Dawa

Paka shume aliyezoea kupewa vichwa vya samaki uani kwako amekonda. Hutafuna kwa upande mmoja, huangusha chakula, na udenda wenye harufu kali humtoka. Mwenye huruma hununua vidonge vya parasetamo na kumsagia kimoja katika maziwa. Hapo ndipo tunapomsihi msomaji asimame.

Parasetamo ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama lifanyavyo ini la binadamu, hivyo chembe nyekundu za damu huharibika zisiweze kubeba oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua, na kukikata nusu si tahadhari. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni hatari kwake.

Paka mzima ana meno 30. Ukoga usiosafishwa hugandamana ukawa mgumu, fizi zikavimba, jino likalegea. Wengine wana virusi viletavyo vidonda ulimini. Wengine, kinga ya mwili wao wenyewe hushambulia fizi hadi kinywa kizima kikawa chekundu. Hawa mara nyingi hupata nafuu kwa kung'olewa meno ya nyuma, pengine yote, chini ya dawa ya usingizi. Paka asiye na meno hula vizuri, jambo linalowashangaza wengi. Antibiotiki pekee hutuliza kwa muda tu, kisha maumivu hurejea. Anayekuuzia vidonge bila kumwona mgonjwa amekuuzia nusu ya huduma, tena ile nusu isiyoponya.

Udenda waweza pia kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Usimfungue kinywa paka usiyemjua. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ukimpeleka kliniki ya mifugo, majirani wakichangia au la, uliza iwapo daktari amesajiliwa na Baraza la Veterinari, na utake kuelezwa gharama kabla jino halijaguswa. Dai risiti. Dawa utakayopewa iwe na lebo yenye jina, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wakati ukisubiri siku ya matibabu, mpe samaki aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, aliyetolewa miiba na kupondwa.