Mzee anayesahau akae kwa nani? Ushauri kwa jamaa za Fizi na Baraka

Anayetafuta huku Fizi, Kivu Kusini, kituo cha kumweka mzee aliyepoteza kumbukumbu atatafuta bure. Fuata ziwa Tanganyika kutoka Makobola hadi Baraka, kisha panda mpaka Fizi-kati: utakuta hospitali, vituo vya afya na makanisa mengi, lakini si nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wazee wa namna hiyo. Kinachotajwa mara nyingi ni SOSAME ya Bukavu, ya mafurere wa Charité, iliyoanza mwaka 1994. Hiyo ni hospitali ya magonjwa ya akili: inampokea mgonjwa, inamtibu, inamrudisha kwao. Tena ni safari ya kilomita zipatazo 200 kupitia Uvira, na waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 mji huo ulibaki ng'ambo ya mstari wa vita. Kwa hiyo sisi hatuchagui kituo, tunachagua nyumba ya ndugu. Shida ni kwamba tunaichagua kwa cheo: mzee anapelekwa kwa mtoto wa kwanza, au kwa yule mwenye mabati na sola, au kwa yule asiyethubutu kukataa kwenye kikao cha jamaa. Mimi nasema nyumba hiyo ichaguliwe kwa ukali uleule ambao watu wa Ulaya hutumia kuchagua kituo, na swali la kwanza liwe: ni nani atakayekuwa macho saa nane ya usiku?

Lakini kabla ya kuhesabu nyumba, hakikisheni ugonjwa wenyewe. Dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa Jumapili na Jumatano hamtambui mkewe hana tatizo la nyumba. Huenda ana malaria, au maambukizi ya mkojo, au amekosa maji mwilini, au dawa aliyopewa imemlevya. Huyo apelekwe Hospitali Kuu ya Rufaa ya Baraka au ya Nundu siku hiyohiyo. Hata aliyebadilika polepole apimwe shinikizo la damu, sukari, kaswende na VVU, aangaliwe macho na masikio, kwa sababu mtu mwenye mtoto wa jicho na masikio mazito huonekana amechanganyikiwa kumbe hasikii wala haoni vizuri. Huzuni nzito nayo hufanana na usahaulifu, na katika eneo lililopitia vita vya 1996 na 1998, wazee wenye huzuni ya kufukiwa si wachache. Mkiandikiwa dawa za kumtuliza, ulizeni ni za muda gani: dawa kama haloperidoli huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia, na diazepamu huwaangusha chini. Si dawa za kumeza mwaka mzima ili nyumba ilale.

Ikithibitika kuwa ni dimensia, kikao kiende kuangalia nyumba kwa macho, hasa jioni. Wagonjwa wengi huvurugika jua likizama: wanataka kurudi “nyumbani” hata wakiwa nyumbani, wanafungua mlango, wanatoka. Nyumba iliyo hatua chache kutoka ziwani, au inayopakana na barabara kubwa ambako malori na pikipiki haziachi kupita, haifai hata kama mwenye nyumba ni tajiri. Inafaa yenye lupango lililozungushiwa uzio, choo cha karibu kinachofikika bila kuruka mfereji, taa moja isiyozimwa usiku, na mbabula (jiko la makaa) inayowekwa mahali asipoweza kujikwaa. Angalieni pia kama majirani wanamfahamu, maana mzee anayepotea Baraka hurudishwa na majirani.

Kisha muulizeni mtu ambaye kwa kawaida hakai kikaoni. Wanaume wakimaliza kuzungumza lubungani, barazani mwao, kazi inamwangukia mkamwana, ambaye hakuulizwa neno, na ambaye tayari ana shamba la muhogo, watoto na soko la ndakala (dagaa). Jibu lake lina uzito kuliko la mumewe. Kuna pia jambo la aibu ambalo watu hulipita haraka: kuogesha. Baba mkwe hawezi kuogeshwa na mkamwana wake, na hata akipoteza kumbukumbu aibu hiyo hubaki. Atapiga kelele, atapigana, na watu watasema amekuwa mkali. Nyumba ya baba ni ile yenye mtoto au mjukuu wa kiume aliye tayari kwa kazi hiyo kila siku. Nyumba ya mama ni ile yenye binti yake. Kwa kigezo hiki peke yake, mara nyingi binti aliyeolewa Mushimbakye anamshinda mtoto wa kwanza anayekaa mjini.

Najua nitaambiwa navunja mila. Mila inamtaka mtoto wa kwanza awajibike, na kuwajibika kunaweza kuwa kulipa, kuitisha kikao, kusimamia; hakulazimu kitanda kiwe chumbani kwake. Wengine wanaona haki ni mzunguko: miezi mitatu kwa huyu, mitatu kwa yule, mzigo ugawanyike. Kwa mzee mwenye akili timamu mzunguko ni matembezi. Kwa mwenye dimensia kila nyumba mpya ni msitu. Anayejua choo kilipo anajua kwa mazoea ya miguu, si kwa kukumbuka. Mkimhamisha, mnamnyang'anya hata hicho kidogo, na baada ya wiki mtasema ugonjwa umeongezeka. Wazungukeni ninyi: mzee abaki, watoto wapokezane kuja kulala alipo.

Ndugu walioko Marekani, hasa waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huleta hoja nyingine: kule kuna vituo vyenye milango ya usalama na wauguzi, kwa nini mzee asipelekwe? Wajue kwanza kwamba Medicare, bima ya wazee ya huko, hailipi gharama za kukaa kwenye vituo hivyo kwa muda mrefu. Medicaid husaidia baadhi ya watu kwa masharti ya kipato, na sheria zake hutofautiana kwa kila jimbo. Lakini pingamizi langu kubwa ni la lugha. Dimensia huondoa mara nyingi lugha alizojifunza mtu baadaye na kumwachia ile ya utotoni. Mzee atakayebaki na Kibembe tupu, akihudumiwa na mtu wa Kiingereza, atakuwa peke yake katikati ya watu. Fedha zao ni bora zije huku, na zimlipe mtu: kijana wa jamaa wa kukesha, ambaye asubuhi analala badala ya kwenda shamba. Lakini wengi hutuma za kupaka rangi nyumba.

Jambo la uchawi haliwezi kukwepwa. Mwaka 2021, katika maeneo ya Kabare, Kalehe na Walungu, jimboni mwetu, wanawake wazee waliuawa na makundi ya watu baada ya kutajwa na waaguzi wanaoitwa bajakazi. Mama anayetembea usiku akisema peke yake anakidhi kila dalili ambayo watu hao wanaitafuta. Kwa hiyo nyumba ambayo ndani yake tayari kuna mtu anayenong'ona kuhusu “macho ya koko” (bibi) ifutwe kwenye orodha, hata kama ina vyumba sita. Chumba cha maombi kinachofunga wagonjwa kwa kamba nacho si makao. Sisemi msiombe, mchungaji aje kuomba pale mzee alipo, na akitoka awaeleze majirani kwamba huu ni ugonjwa. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inampa mzee haki ya ulinzi maalumu, lakini katika avenyu sauti ya mchungaji hufika haraka kuliko Katiba. Takwimu nazo zinasaidia mbele ya wabishi: utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, ulikuta dimensia kwa watu wapatao 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na ule wa Brazzaville ulikuta karibu 7 kati ya 100 kuanzia miaka 65. Hawawezi wote kuwa wachawi.

La mwisho kwenye hesabu yangu ni kukimbia, maana hapa kwetu nyumba yoyote inaweza kuachwa kwa usiku mmoja. Kikao kitaje kwa jina ni nani atamshika mzee mkono milio ikianza, na ni nani atambeba asipoweza kutembea. Asiachiwe “wote”. Ashonewe ndani ya nguo kitambaa chenye jina lake, kijiji chake na namba mbili za simu, na dawa zake za shinikizo zikae kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Kama katika nyumba mliyoichagua hakuna anayekubali kutajwa, kikao hakijaisha. Rudini kwenye nyumba ya pili.