Mkataba wa Kuzoa Taka za Mji: Nani Anamlipa Nani?



Somo letu safari hii ni la mikataba, na mfano tutakaoutumia si wa pamba wala wa kahawa, bali ni wa taka. Huenda msomaji wa chama cha mazao akauliza taka zamhusu nini. Sababu ni mbili. Kwanza, vipo vyama vya vijana na vya akina mama wa mijini, wanachama wa muungano wetu, vinavyoombwa na halmashauri viingie mikataba ya kuzoa taka za mitaa, na viwili kati yake vimekwisha kuleta rasimu zao vikitaka kujua kama yafaa hisa za wanachama ziwekwe dhamana. Pili, mkataba wa taka unaonyesha waziwazi jambo ambalo katika mkataba wa kusafirisha mazao hujificha: mwenye kutoa kazi ni mmoja, na mwenye kulipa ni mwingine.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kuondoa taka ni wajibu wa serikali za mitaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeuweka wajibu huo juu ya halmashauri. Halmashauri yaweza kuikabidhi kampuni, kikundi au chama cha ushirika kazi ya kuzoa, lakini wajibu wenyewe haiukabidhi. Chama kinachoingia mkataba kimeajiriwa kufanya sehemu ya kazi ya halmashauri, na hakikugeuka kuwa halmashauri. Tofauti hiyo itaonekana tutakapofika kwenye ada.

Tuuangalie mji wa Dar es Salaam, ambako jambo hili lilianza mapema. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 hali ya taka katika jiji hilo ilikuwa mbaya mno. Magari mengi ya Halmashauri ya Jiji yalikuwa yamelala kwa kukosa vipuri, na kiasi kilichozolewa kwa siku hakikufika hata asilimia 5 ya taka zote. Wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na uvundo wa jaa lililokuwa karibu na nyumba zao, walikwenda Mahakama Kuu kwa shauri namba 299 la mwaka 1988, wakashinda. Baada ya hapo taka zikahamishiwa Vingunguti. Mwaka 1992 ilifanyika kampeni ya dharura ya kusafisha jiji kwa msaada wa wahisani. Magari yakapatikana, marundo yakapungua. Lakini kampeni haina mafuta ya kila siku, na swali likabaki: fedha za kesho zitoke wapi?

Jibu lilianza kuandaliwa kwa sheria ndogo za Halmashauri ya Jiji za mwaka 1993 kuhusu ukusanyaji na utupaji wa taka. Kisha mwaka 1994 Halmashauri ikaingia mkataba na kampuni binafsi, Multinet Africa, izoe taka katika kata za katikati ya jiji. Kampuni haikutegemea kulipwa na Halmashauri kwa kila tani. Ilitakiwa ikusanye ada yenyewe kutoka kwa wenye nyumba na wenye maduka, na kwa ada hiyo inunue dizeli, itengeneze magari na kuwalipa wapakiaji. Katikati ya jiji ndiko waliko wafanyabiashara, kwa hiyo palidhaniwa kwamba fedha hazitakosekana.

Ada haikuingia kama ilivyotarajiwa. Watu wengi walikuwa wamezoea kuona kazi hiyo ikifanywa na serikali bila ya wao kudaiwa mkononi. Wengine walisema watalipa wakiliona gari, nalo gari halikuweza kuja pasipo wao kulipa. Kampuni ikawa katikati, ikilaumiwa na mkazi kwa taka zilizolala na ikitazamwa na Halmashauri kama mwenye deni la kazi. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na nafasi yake kushikwa na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, hadi mwaka 2000 serikali za mitaa ziliporejeshwa na jiji kugawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Tume iliongeza makampuni mengine. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, vikundi vya wananchi vyenye mikokoteni navyo vilipewa mitaa yao. Uzoaji uliongezeka sana kuliko mwaka 1992, hilo halina ubishi. Lakini kila aliyeingia, mkubwa kwa mdogo, alikutana na swali lile lile lililoikuta kampuni ya kwanza.

Basi tulichambue swali lenyewe. Ziko njia tatu za kumlipa mzoaji. Katika njia ya kwanza halmashauri humlipa kwa tani au kwa tripu, nayo hutafuta fedha kwa kodi na ada zake. Katika njia ya pili halmashauri hukusanya ada ya taka kwa vitabu vyake, kisha humkatia mzoaji sehemu yake. Katika njia ya tatu mzoaji hujikusanyia mwenyewe kwa wakazi, na pengine hutakiwa kuipelekea halmashauri fungu fulani. Katika njia ya kwanza chama chaweza kucheleweshewa malipo. Katika ya pili chaweza kucheleweshewa na kubishaniwa hesabu. Katika ya tatu hakuna wa kukichelewesha, kwa kuwa hakuna aliyeahidi kukilipa. Rasimu zote mbili nilizozisoma ni za njia ya tatu, ingawa maneno yake ni matamu na ukurasa wa kwanza wasema "malipo ya huduma yamehakikishwa." Nilitafuta aliyehakikisha. Hakutajwa.

Tufanye hesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu; kila chama kiweke za mahali pake. Tuseme mtaa una kaya 800, kila kaya watu 5, na kila mtu hutoa nusu kilo ya taka kwa siku. Hizo ni kilo 2,000 kwa siku, yaani tani 14 kwa wiki. Wengi hukosea hapa: husema lori la tani 7 litakwenda tripu mbili. Taka hazijazi lori kwa uzito, hulijaza kwa ujazo. Ikiwa mita moja ya ujazo ina kilo 350, tani 14 ni mita za ujazo 40, na bodi la mita 10 litakwenda tripu nne. Kosa hilo moja limeongeza gharama mara mbili kabla gari halijawashwa.

Tuendelee. Kila tripu igharimu Sh. 120,000 kwa gari, dereva, dizeli na malipo ya dampo. Tripu nne kwa wiki ni Sh. 480,000, kwa mwezi, tukizidisha kwa wiki 52 na kugawanya kwa 12, ni Sh. 2,080,000. Wapakiaji na wakusanya ada wanne kwa Sh. 270,000 kila mmoja ni Sh. 1,080,000. Glavu, mabuti, reki, makoleo, turubai na vitabu vya stakabadhi ni Sh. 140,000. Jumla Sh. 3,300,000. Ada ikiwa Sh. 5,000 kwa kaya na kaya zote 800 zikalipa, mapato ni Sh. 4,000,000 na ziada ni Sh. 700,000. Mkutano mkuu ukisomewa hesabu hiyo peke yake hupiga makofi. Lakini zikilipa kaya 6 katika kila 10, mapato ni Sh. 2,400,000, na chama kimepoteza Sh. 900,000 kwa mwezi mmoja. Ili kisipate hasara wala faida ni lazima kaya 660 zilipe, yaani 33 katika kila 40. Halmashauri ya chama ijiulize kama mtaa wake una desturi ya kulipa kwa kiwango hicho, na jibu litokane na kuuliza nyumba kwa nyumba.

Katika ukaguzi nilikutana na chama kimoja cha vijana, ambacho sina haja ya kukitaja, kilichoingia mkataba wa njia ya tatu kwa mitaa miwili. Kilinunua lori kuukuu kwa mkopo. Vitabu vyake vya stakabadhi vilikuwa safi, nakala zote zipo, jambo ambalo nalisifu kwa kuwa si la kawaida. Na ni vitabu hivyo hivyo vilivyonionyesha ugonjwa: mwezi wa kwanza waliolipa walikuwa wengi, mwezi wa tatu wakapungua, mwezi wa sita wakabaki wenye maduka na nyumba chache zilizo barabarani. Nyumba za ndani, ambako lori halipiti, zilikuwa zimeacha. Mweka hazina alieleza kwamba aliwaendea waliogoma, wakamwuliza ana mamlaka gani. Hakuwa nayo. Mamlaka ya kumlazimisha mkazi alipe yatokana na sheria ndogo ya halmashauri, na anayeweza kuisimamia kwa faini au mahakamani ni halmashauri yenyewe. Mkataba wa chama hicho haukuwa na kifungu hata kimoja kilichoitaka halmashauri ichukue hatua dhidi ya asiyelipa. Ulikuwa, hata hivyo, na vifungu vinne vya kukiadhibu chama iwapo taka zitalala zaidi ya siku tatu. Lori liliuzwa ili kulipa mkopo, na pengo lililobaki lilizibwa kwa hisa. Wanachama 31 walipoteza akiba ya miaka.

Kwa hiyo, chama kikilazimika kuikubali njia ya tatu, kisitie sahihi kabla haya hayajaandikwa: sheria ndogo inayotaja kiwango cha ada imekwisha kupitishwa na inaanza lini, orodha ya kaya na maduka imeambatishwa ikiwa na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa, chama kikipeleka majina ya wasiolipa, halmashauri itachukua hatua ndani ya siku kadhaa zinazotajwa, na makusanyo yakishuka chini ya kiwango fulani kwa miezi miwili mfululizo, halmashauri itafidia au chama kitakuwa huru kupunguza tripu. Ofisa atasema kifungu cha mwisho hakiwezekani. Pengine ni kweli. Lakini akikikataa, chama kimejua mzigo wa wasiolipa ni wa nani, nacho kitapanga bei yake kwa kujua.

Jambo la dampo hupitwa upesi, nalo ni zito. Katika Dar es Salaam, taka zilizokuwa zikipelekwa Vingunguti zilihamishiwa Mtoni, na baadaye, katika muongo wa 2000, Pugu Kinyamwezi. Mwenye mkataba wa bei moja kwa miaka mitatu, dampo likihama kutoka jirani hadi pembezoni mwa jiji, hufilisika bila ya kosa lake. Iandikwe dampo lipo wapi siku ya kutia sahihi, na kwamba likihama, au bei ya dizeli ikipanda kupita kiasi kilichotajwa, ada au malipo yatazungumzwa upya.

Sasa dhamana. Ukomo wa madeni wa chama hupangwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Halmashauri ya chama haina ruhusa ya kuuvuka kwa sahihi za mwenyekiti na katibu, hata kama tarehe ya zabuni inawakimbiza. Hisa za wanachama zisiwekwe dhamana ya utekelezaji wa mkataba wa taka. Kama dhamana yatakiwa, iwe kiasi cha fedha kilichotajwa, kisichozidi ziada ambayo chama kimekwisha kuipata na kuitenga. Kuhusu faini zilizoandikwa mkatabani, viongozi wengi huogopa wakidhani ni lazima zilipwe zote. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba chasema kwamba palipotajwa kiasi cha fidia, aliyevunjiwa mkataba hustahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Yaani tarakimu iliyoandikwa ni dari, na chini yake pana nafasi ya kujitetea.

Kuvunja mkataba nako kuna utaratibu wake, na hili lawahusu wote wawili. Katika mambo ya maji ya Dar es Salaam, kampuni ya City Water ilipewa mwaka 2003 mkataba wa miaka kumi, na Serikali ikausitisha mwaka 2005 kwa kuwa kazi haikuridhisha. Baraza la usuluhishi la kimataifa, katika uamuzi wake wa mwaka 2008, lilikuta kwamba namna Serikali ilivyoiondoa kampuni ilikiuka mkataba wa kulinda vitega uchumi, ingawa halikuamuru fidia yoyote, kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwisha kudhoofika yenyewe. Chama cha mtaa hakitafika kwenye baraza la namna hiyo, lakini barua ya onyo, siku za kurekebisha na kikao chenye kumbukumbu zilizotiwa sahihi ni haki yake pia.

Vyama vyenye rasimu vizilete ofisini pamoja na kumbukumbu za mkutano mkuu, cheti cha ukomo wa madeni na hesabu ya tripu iliyofanywa kwa ujazo. Rasimu iliyokwisha kutiwa sahihi itasomwa pia, lakini kwa hiyo msaada wetu utakuwa mdogo.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya masomo: Katika mfano wetu wa kaya 800, ikiwa wenye maduka 40 watalipa Sh. 20,000 kila mmoja juu ya ada za kaya, ni kaya ngapi zinazopaswa kulipa ili chama kisipate hasara? Je, mkataba wa chama chenu wa kusafirisha mazao unasema nani anabeba hasara iwapo mzani wa mnunuzi unatofautiana na wa ghalani, na kifungu hicho kipo ukurasa wa ngapi?