Ngozi Isiyoonekana ya Chuma Kisichoshika Kutu

Mtu mwenye bunduki ya chuma kisichoshika kutu huona kuwa rangi nyeusi iliyotiwa kiwandani imechakaa. Mahali pengine imebaki, mahali pengine chuma cheupe kimejitokeza. Huamua kuiondoa yote iliyosalia, ili chuma king'ae sawasawa. Nyumbani ana nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, tena ana dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Kazi huonekana nyepesi. Lakini majuma machache baadaye madoa ya kutu hutokea juu ya chuma kile kile ambacho jina lake ni ahadi kwamba hakitashika kutu. Kosa liko wapi?

Chuma hicho ni nini?

Chuma kisichoshika kutu ni mchanganyiko wa chuma na kromi isiyopungua asilimia 10.5, na mara nyingi huongezwa nikeli. Chuma chenyewe hakina tabia ya kukataa kutu. Kinacholinda ni kromi. Atomu za kromi zilizo juu hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya utando wa oksidi ya kromi, yaani Cr₂O₃. Utando huo una unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa hiyo jicho haliuoni. Ukikwaruzwa hujijenga upya, maadamu uso wa chuma ni safi na oksijeni ipo.

Historia ya chuma hiki ina uhusiano na bunduki. Mwaka 1912 Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma wa mji wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma ambacho mtutu wake hautalika upesi kwa joto na gesi za baruti. Mwaka 1913 aliyeyusha chuma chenye kromi ipatayo asilimia 13. Aligundua kuwa asidi zilizozoeleka kutumiwa katika kuchunguza vyuma hazikukila kwa urahisi, wala siki na maji ya limau. Hivyo utafiti ulioanza kwa ajili ya mitutu ukazaa visu vya mezani.

Rangi si ulinzi

Rangi ya kiwandani huweza kuwa ya aina tatu. Ya kwanza ni rangi ya kupaka iliyookwa katika tanuri. Ya pili ni oksidi nyeusi iliyotokana na chuma chenyewe kwa nguvu ya kemikali. Ya tatu ni utando mgumu sana, kama nitridi ya titani, uliowekwa ndani ya chombo kisicho na hewa. Kila aina huondolewa kwa njia yake. Kiyeyushaji cha rangi ya kupaka hakigusi nitridi, na asidi inayoondoa oksidi huenda isiondoe rangi iliyookwa. Asiyejua aina aliyo nayo hubahatisha tu.

Hatari ni tatu. Kwanza, nyuzi za chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya uso, na chembe hizo ndizo zishikazo kutu. Pili, asidi ya hidrokloriki, iliyomo katika dawa nyingi za vyoo, ina kloridi. Kloridi huutoboa utando wa kromi na kuacha vishimo vidogo. Baadaye chumvi ya jasho la mikono huendeleza uharibifu huo. Tatu, asidi inapokula chuma hutoa hidrojeni, na baadhi ya atomu zake huingia ndani ya chuma. Kamani, au kipande kilichofanywa kigumu kwa moto, huweza kupasuka ghafla kwa sababu hiyo. Katika bunduki, kipande hicho kiko karibu na mkono na uso wa mtu.

Tena, mtu asichanganye kamwe asidi na dawa ya klorini ya kufanya nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Mafundi husafisha mafuta, huondoa rangi kwa njia inayoifaa, kisha hutumbukiza chuma katika asidi ya nitriki au ya sitriki kwa kipimo maalumu. Asidi hizo huondoa chembe za chuma huru na kuuacha utando wa kromi ujijenge. Kazi hii ni ya fundi wa bunduki mwenye leseni.

Jaribio la darasani

Mwalimu atahitaji mrututu ulioyeyushwa katika maji, msumari uliopigwa msasa, na vijiko viwili vya chuma kisichoshika kutu. Kijiko kimoja kisuguliwe kwa nguvu kwa ncha ya msumari. Tone la mrututu liwekwe juu ya kila kimoja. Msumari utageuka mwekundu, kwa kuwa chuma huitoa shaba katika myeyusho:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Kijiko kisichosuguliwa hakitabadilika. Katika kile kilichosuguliwa, mistari myekundu itaonyesha mahali msumari ulipoacha chuma chake. Mrututu ni sumu. Vijiko hivyo visitumiwe tena kwa chakula.

Maswali

1. Kwa nini kijiko safi hakikugeuka mwekundu, ingawa sehemu yake kubwa ni chuma?
2. Kwa nini sufuria ya chuma hiki haifai kusuguliwa kwa nyuzi za chuma cha kawaida?
3. Eleza kwa nini chuma kinachong'aa si lazima kiwe chuma kilicholindwa.