Kijana Aulizwapo Juu ya Haki

Kila mara nafasi za polisi zitangazwapo, nyumba nyingi nchini Kenya huingiwa na shughuli. Kijana huamka alfajiri kufanya mazoezi ya mbio, mama hutafuta vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa, na baba hupiga hesabu ya nauli. Hayo yote ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo watu wachache hulitayarisha, nalo ni namna kijana atakavyojibu aulizwapo juu ya haki na uaminifu. Twapenda leo kulitazama pamoja na wazazi, na pamoja na vijana wenyewe. Kwa maana mbio humalizika asubuhi moja, bali jibu juu ya haki humfuata mtu mpaka siku ya kustaafu.

Kwa nini aulizwe? Polisi hupewa uwezo usio wa raia wengine: hubeba silaha ya serikali, humkamata mtu na kumfungia, na maneno yake mahakamani yaweza kumpeleka mtu gerezani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 244, yaiagiza Huduma ya Taifa ya Polisi izuie ufisadi na ifuate haki za binadamu. Basi wale wanaoketi upande wa pili wa meza hawatafuti maneno matamu. Wataka kujua kijana huyu atafanya nini usiku, barabarani, pasipo mtu wa kumwona.

Wala maswali hayo hayaishi siku ya kuandikwa. Mwezi wa Desemba 2013 Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilianza kuwapiga msasa maofisa waliokuwa kazini tayari, na wengi walitakiwa waeleze mali zao, hata fedha walizotumiwa kwa M-Pesa. Aliyeingia kwa jibu la uongo aweza kuulizwa tena akiwa na nyota mabegani.

Tuyatazame sasa maswali machache ya namna hiyo.

Swali la kwanza: Dereva amevunja sheria, naye akukabidhi leseni yenye noti iliyokunjwa ndani. Utafanya nini? Wengi hujibu, “Nitakataa,” kisha wakanyamaza. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu. Sheria ya Hongo ya 2016 yawahesabu kuwa wakosaji mtoaji na mpokeaji pia, tena yamtaka mtumishi wa umma atoe habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi kabla ya saa 24 kupita. Kijana na aseme kwamba atakataa, atatoa habari, na kosa la barabarani litaendelea na njia yake ya sheria kama kawaida, bila hasira wala kisasi. Tusisahau kwamba wako watu wanaoitetea hongo kwa methali, wakisema mkono mtupu haulambwi. Mkono wa polisi haukuwekwa barabarani ulambwe.

Swali la pili: Mwenzako achukua sehemu ya fedha zilizokamatwa kuwa ushahidi. Hapo ndipo moyo hugawanyika, kwani mwenzako ndiye akulindaye mgongo penye hatari. Lakini atakayenyamaza amekwisha kugawana naye. Afadhali kijana ajibu kwa utaratibu: kwanza ataulinda ushahidi uliobaki, kisha atamwambia mwenzake wazi kwamba jambo hili halitafichwa, halafu atampasha habari mkubwa wa kituo, akiandika aliyoyaona kwa macho yake, si aliyoyasikia. Na kama mkubwa naye amo katika shauri hilo? Kuna kitengo cha mambo ya ndani katika polisi yenyewe, na kuna Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kujua mlango wa kubisha ni sehemu ya uaminifu.

Swali la tatu: Mkubwa wako akuamuru umpige mshukiwa mpaka akiri. Kijana aliyelelewa vizuri huona tabu hapa, maana tangu utoto amefundishwa kutii. Na kweli, jeshi lisilo na utii ni kundi la watu tu. Lakini utii una mpaka. Katiba yasema kwamba aliyekamatwa hawezi kulazimishwa kukiri, na kwamba kwa kawaida apelekwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Yasema pia kwamba uhuru wa kutoteswa ni miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Nayo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 yaeleza kwamba amri ya mkubwa si udhuru kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Basi jibu la heshima ni hili: “Amri zote za halali nitazitii upesi. Hii nitamwambia afande kwa adabu kwamba siwezi kuitimiza, kwa kuwa sheria yaikataza.” Zaidi ya hayo, aliyepigwa huweza kukiri hata lisilo lake ili mapigo yakome, na mwizi wa kweli akaendelea kutembea sokoni.

Swali la nne: Ndugu yako amekamatwa, naye yuko mikononi mwako. Wako vijana wanaodhani kwamba jibu kuu ni kujigamba, “Hata mama yangu nitamfunga!” Wazee wa mezani wameyasikia hayo mara nyingi, wala hawayasadiki. Polisi hakuombwa aukane ukoo wake. Aombwa asiwe hakimu katika shauri la nyumba yake. Atangaze udugu huo kwa mkubwa wake, aombe jalada lishikwe na mwingine, asiliguse wala asimsemee mtu. Kisha aende kumjulia hali nduguye kwa saa za wageni, kama raia yeyote.

Swali la tano ndilo gumu kupita yote: Je, wewe mwenyewe umepata kufanya kosa? Kijana asijibu kwamba hana doa, kwani hakuna asiyekosa. Aseme kosa lenyewe kwa maneno machache, aseme alivyolitengeneza, na alilojifunza. Asitupe lawama kwa rafiki, wala asizungushe hadithi. Kosa la zamani lililosemwa kweli huweza kusamehewa; uongo wa leo humfungia mtu mlango.

Kijana akipewa swali ambalo hakulifikiri kamwe, asitafute jibu la kukariri. Avute pumzi, ajiulize mambo matatu. Je, sheria yaniruhusu? Nani ataumia nikitenda hivi, na nani ataumia nisipotenda? Je, naweza kuliandika jambo hili katika kitabu cha matukio cha kituo, nikatia na jina langu? Lile asiloweza kuliandika, asilifanye.

Sasa twageuka kwa wazazi, maana liko neno ambalo hatuwezi kulipita kimya. Kuna nyumba ambamo, kabla kijana hajaulizwa swali hata moja, ng'ombe amekwisha kuuzwa na fedha zimepelekwa kwa mtu aliyeahidi nafasi. Twaelewa uchungu wa mzazi. Kijana amemaliza shule miaka minne nyuma, wadogo zake wangoja karo, na jirani amesema kwamba pasipo kitu kidogo hakuna linalokwenda. Hata hivyo yatupasa kusema: mzazi huyo hakununua kazi, amenunua deni. Atakaporudi mwanawe na sare mpya, ng'ombe yule atatakiwa arudishwe, naye hatarudishwa na mshahara wa konstebo. Atarudishwa na mama wa mboga na dereva wa matatu, noti moja baada ya nyingine.

Tena hata deni hilo halina hakika. Mwezi wa Julai 2014 polisi iliandikisha watu 10,000 nchini kote. Malalamiko ya hongo na upendeleo yakawa mengi, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi ikaenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikabatilisha uandikishaji huo. Walioumia si watoaji wa hongo peke yao. Wako waliochaguliwa kwa haki, wasiotoa hata senti, nao wakarudishwa nyumbani pamoja na wengine. Hivyo ndivyo hongo ilivyo: humchafua aliyeitoa, na humwibia asiyeitoa.

Hakika mahojiano ya kweli huanza mezani petu, kijana angali mdogo. Mtoto aliyetumwa dukani akarudisha chenji yote, na aliyemsikia baba akikataa kudanganya juu ya umri wa mwanawe, huyo amekwisha kufundishwa zaidi kuliko anavyojua. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi jioni moja wiki hii, baada ya chakula, jamaa wote wayazungumze maswali haya. Ni amri gani ambayo hatungependa mtoto wetu aitii? Je, akikamatwa mmoja wetu, tutamtaka aliye polisi atufichie? Na je, tungekuwa radhi arudi nyumbani bila kazi, lakini na jina safi? Wazazi wajibu la mwisho kwanza, na vijana wasikilize.