NENO LA HAKI MBELE YA UPANGA
Darasa katika wajibu wa Mwislamu aonapo damu ikimwagwa, pamoja na khabari za Karagwe

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeiharimisha dhulma na akaamrisha sulhu baina ya waja wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Watu wengi hudhani kuwa asiye na jeshi wala mamlaka hana la kufanya aonapo watu wakiuawa kwa dhulma, na kwamba kunyamaza kwake ni udhuru mbele ya Mola wake. Dhana hiyo ni batili, na darasa hii inabainisha ubatili wake.

FASILI YA KWANZA: Katika hukumu

Jua, ewe msomaji, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amepanga kuondoa munkari daraja tatu: kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo. Asiyeweza ya kwanza haikumwondokea ya pili. Tena amefundisha kuwa neno la haki mbele ya sultani dhalimu ni katika jihadi zilizo bora kabisa. Basi tazama vizuri: jambo hilo limeitwa jihadi, na mwenye kulifanya hana upanga mkononi.

Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, Allah amrehemu, imekuja kuwa mtu akishambuliwa nafsi yake na Mwislamu mwenziwe, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, si lazima apigane, yajuzu kusubiri. Ama akimlinda mwanamke asivunjiwe heshima, hapo kulinda ni wajibu. Dalili ya maulamaa katika kusubiri ni Habil, mwana wa Adam, aliyekataa kumnyoshea nduguye mkono wa kuua. Na Sayyidna Uthman, aliyezingirwa nyumbani kwake Madina mwaka 35 wa Hijra, akawakataza watu wasichomoe panga kwa ajili yake, na akawaacha huru watumwa wake watakaoweka silaha. Alikuwa Khalifa mwenye watu wa kumpigania, wala hakuwa mnyonge. Alichelea damu ya umma kuliko damu yake.

FASILI YA PILI: Katika kisa cha Ahmed bin Ibrahim

Karagwe ni nchi ya Wanyambo, magharibi ya Ziwa Nyanza, na mto Kagera ndio mpaka wake na Rwanda. Siku hizi imegawanyika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, tangu mwaka 2012. Zamani ilikuwa na wafalme wake, na ikulu yao Bweranyange. Karibu na hapo palikuwa na kituo cha wafanya biashara wa pwani, jina lake Kafuro, ambapo misafara ya kutoka Unyanyembe ilipumzika kabla ya kuingia Buganda.

Katika watu wa Kafuro alikuwako Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu wa Omani. Mwaka 1844 alifika Buganda kwa Kabaka Suna, naye huhesabiwa kuwa Mwarabu wa kwanza kufika huko. Khabari zake alizisimulia mwenyewe mwaka 1876 kwa Emin Pasha, aliyeziandika.

Alipokuwa barazani kwa Suna, Kabaka aliamuru watu wengi wauawe, kama ilivyokuwa ada yake. Ahmed akasimama mbele ya wakubwa wa nchi, akamwambia Kabaka kuwa watu wale wameumbwa na Mwenyiezi Mungu, ambaye ndiye aliyempa yeye ufalme, na kuwaangamiza ni dhambi kubwa. Suna akajibu kuwa ufalme wake aliupewa na mizimu ya baba zake. Lakini neno lile lilimkaa moyoni. Baadaye akamwuliza Ahmed khabari za huyo Mungu, na kufufuliwa wafu, hata akasomeshwa sura kadhaa za Qurani.

Pima, ewe msomaji, ukubwa wa jambo lile. Ahmed alikuwa mgeni, na roho yake i mkononi mwa mwenye nchi. Pembe alizozifuata mwendo wa miezi hazitoki ila kwa ridhaa ya Kabaka. Angaliweza kusema moyoni kuwa hawa si jamaa zake wala si watu wa dini yake. Hakusema hivyo. Alisema kwamba wameumbwa na Mungu, na hoja hiyo yatosha kwa kila mtu.

Tanbihi. Mauaji ya barazani hayakukoma kwa neno lile. Mwaka 1876 Mutesa, mwana wa Suna, aliwaua vijana wa Kiislamu wa ikulu yake waliokataa kula nyama isiyochinjwa kwa sharia. Nao walikufa bila ya kuinua silaha. Basi asidhani mtu kuwa neno la haki huleta matunda siku ile ile. Mwenye kusema ameamrishwa kufikisha tu.

Tanbihi ya pili, nayo ni chungu kwa watu wa pwani. Misafara ile ile ya Kafuro ilichukua watumwa pamoja na pembe. Aliyemkumbusha Suna kuwa watu wameumbwa na Mungu alikuwa katika biashara iliyouza watu. Haki ya neno lake haitanguki kwa hilo, lakini kwetu ni onyo: mwenye kumnasihi mfalme na aitazame kwanza mizigo ya msafara wake.

FASILI YA TATU: Katika mto Kagera, mwaka 1994

Uislamu ulivuka mto Kagera na nchi za jirani kwa nyayo za wafanya biashara hao, hata Waislamu wa Rwanda wakaitwa Waswahili. Mwaka 1994, tangu Aprili hata Julai, Watutsi wa Rwanda, pamoja na Wahutu waliokataa kuua, waliuawa kwa malaki. Maiti zilichukuliwa na maji ya Kagera mpaka Ziwa Nyanza. Hapana josho, hapana sanda, hapana sala. Katika mtaa wa Biryogo mjini Kigali, Waislamu wengi waliwaficha majirani zao, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Walikuwa wameoleana, na Mhutu na Mtutsi husali safu moja, bega kwa bega. Waliambiwa wachague kabila, wakachagua safu. Hapana budi kusema pia kuwa wako Waislamu waliochafua mikono yao. Jina la dini halimkingi mtu na dhambi.

Mwisho wa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na wengine wakapiga kambi Karagwe, penye Chabalisa na Kagenyi. Wenyeji waligawana nao maji, kuni na mashamba, hata miti ya vilima ikaisha. Wengi wao walikaa mpaka Desemba 1996, waliporudishwa kwao.

Na ilimu hii haikuhusu nchi hizi peke yake. Huko Peshawar, katika India iliyotawaliwa na Waingereza, Abdul Ghaffar Khan aliwakusanya Wapathani mwaka 1929 wakaitwa Watumishi wa Mungu, wakaapa kutolipiza kisasi. Nao ni kabila mashuhuri kwa bunduki. Mwaka 1930 walipigwa risasi, wakasimama bila ya silaha.

MASUALI

Suali: Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo waliouwa. Je, yafaa kumpa chakula mtu wa namna hiyo?
Jawabu: Mwenye njaa hupewa chakula, na mwenye damu mikononi hupelekwa kwa kadhi. Jirani haruhusiwi kuwa kadhi. Kwa ajili hiyo iliwekwa mahakama Arusha, iliyohukumu wakubwa wa mauaji yale hata mwaka 2015.

Suali: Mtu akichelea roho yake, je, apata dhambi kwa kunyamaza?
Jawabu: Akiwa na khofu ya kweli, ulimi wake una udhuru, na moyo wake hauna. Dalili ya moyo uliochukia ni kuwa hali pamoja na madhalimu, wala hacheki nao, wala hawabebei khabari.

Suali: Aanzie wapi asiyeonana na wafalme?
Jawabu: Aanzie barazani kwake. Mauaji ya mwaka 1994 yalitanguliwa na maneno: watu waliitwa mende, na wasikilizaji wakacheka. Asikiapo Mwislamu jamaa ya watu ikitajwa kwa jina la mdudu, na aseme hapo hapo: hawa wameumbwa na Mungu. Ndilo neno la Ahmed bin Ibrahim, na wakati wake ni kabla ya upanga kutoka alani.

Ewe Mola, tuhifadhie damu zetu na ndimi zetu, na utusulihishie baina yetu. Amin. Wallahu aalam.