Malaika na Chapati: Jinsi Ndege za Vita Zinavyoongozwa

Leo siandiki juu ya ngeli. Nataka tujifunze jinsi ndege za vita zinavyoongozwa angani, na mambo mawili yanayoweza kuiharibu kazi hiyo: kituo kupigwa na washirika kutoelewana.

Mfano wangu ni Uingereza, mwaka wa 1940, iliposhambuliwa na ndege za Ujerumani. Rada za pwani ziliwaona adui wakija, habari zikapigwa simu, wasichana wakasukuma vibao juu ya ramani kubwa mezani. Mwelekezi akatazama, kisha akamwambia rubani kwa redio aende wapi.

Somo la kwanza: Tahadhari kabla ya hatari. Mwishoni mwa Agosti uwanja wa Biggin Hill ulipigwa mabomu vibaya mno. Simu zikakatika, chumba cha uongozi kikaharibiwa. Elspeth Henderson na Helen Turner hawakuziacha simu zao, wakatunukiwa nishani ya ushujaa. Lakini ushujaa peke yake usingetosha. Kulikuwa na chumba cha akiba katika duka moja kijijini, kazi ikahamia huko.

Somo la pili: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Marubani wa Poland wa kikosi cha 303 walikuwa hodari wa kuruka, lakini Kiingereza kiliwapiga chenga! Kwao walipima kwa mita na kilomita, huku ni futi na maili. Tena redioni kulikuwa na mafumbo. "Malaika kumi na watano" ni futi 15,000, na "chapati ya maji" ni amri ya kutua. Hebu fikiria, msomaji, unaambiwa hivyo na adui yuko mgongoni!

Basi wakafunzwa chini kwanza, wakizunguka uwanjani kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizofungwa redio na dira. Agosti 30, wakiwa bado mazoezini, Ludwik Paszkiewicz aliangusha ndege ya Mjerumani. Kesho yake kikosi kikaruhusiwa kupigana, na kikawa miongoni mwa vilivyoangusha ndege nyingi zaidi.

Kwa maoni yangu, somo la pili ndilo gumu. Chumba cha akiba hutayarishwa mara moja, lakini maneno ya pamoja hutaka mazoezi ya kila siku. Risasi zikianza, hakuna nafasi ya kufungua kamusi.