"Sorry": ni pole au ni samahani?

Kikombe kikimponyoka mwenzako kazini kikavunjika, wewe uliyelelewa kwa Kiswahili humwahi kwa "sorry!" hata kama ulikuwa umekaa upande wa pili wa chumba. Akiwa ni Mwingereza, huenda akakutazama kwa mshangao na kukwambia kwamba si kosa lako. Umempa pole, naye amesikia samahani. Neno moja la Kiingereza limebeba mambo mawili ambayo sisi tumeyatenga tangu zamani.

Asili yake iko upande wa pole. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, neno lilikuwa "sarig", kutokana na "sar", yaani maumivu. "Sar" hiyo ndiyo "sore" ya leo, ile ya "sore throat", koo linalouma. Aliyekuwa "sarig" alikuwa mtu mwenye uchungu moyoni. Habari ya kuomba radhi ilifuata baadaye. Wengi hudhani "sorry" imezaliwa na "sorrow", huzuni, lakini hiyo ina mzizi wake mwingine. Maneno haya yalifanana tu kwa sauti na maana, yakazidi kuvutana.

Kwa kuwa neno ni moja, maana huamuliwa na maneno yanayolifuata. Ukitaka kutoa pole, usiliache peke yake: sema "I'm sorry to hear that", na msibani "I'm sorry for your loss". Ukiomba radhi, taja kosa: "I'm sorry I'm late". Angalia sana "I feel sorry for him". Hapo unamwonea mtu huruma, na mwenyewe akisikia anaweza kuona umemdharau. "Sorry?" yenye sauti ya kupanda ni "umesemaje?" tu. Na ukiambiwa "I'm sorry you feel that way", jua kwamba hujaombwa radhi: umepewa pole kwa kukasirika kwako, na kosa limeachwa palepale lilipokuwa.

Wapo wanaoogopa kulitamka neno hili baada ya ajali, wakihofia litageuzwa ushahidi. Uingereza, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Jimbo la Ontario, Kanada, lina sheria yake ya mwaka 2009 inayozuia maneno ya kuomba radhi kutumiwa katika kesi ya madai kuthibitisha kosa. Basi aliyeko Leicester au Toronto asimnyime majeruhi neno la utu kwa hofu hiyo. Kueleza nani alimgonga nani ni habari nyingine, na isubiri polisi na bima.

Serikali nazo hulipima neno hili kwa mizani ya dhahabu. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni kuzungumzia Wakenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Neno alilochagua lilikuwa "regret": serikali yake inasikitika kwamba mateso yale yalitokea. Papo hapo akasema bado inakana kuwajibika kisheria. Mfalme Charles naye, akiwa Nairobi mwaka 2023, alitaja huzuni na masikitiko, akaishia hapo. Australia waliivuka mipaka hiyo. Mwaka 1999 Waziri Mkuu John Howard alikubali "regret" tu kwa yale waliyotendewa wenyeji wa nchi hiyo. Tarehe 13 Februari 2008 mrithi wake, Kevin Rudd, akatamka "sorry" bungeni kwa watoto waliopokonywa wazazi wao.

Wazee wa Mau Mau walistahili kuambiwa neno zima. Kwa hiyo mwandishi anayetafsiri "regret" ya namna hii kuwa "Uingereza yaomba radhi" anawapa wasomaji kitu ambacho hakikutolewa. Aandike "yasikitika", na radhi aitunze kwa siku itakapoombwa.